Ratiba Isiyotahiniwa: Shule ya Kanisa Katika Mji wa Dhahabu

Mzazi wa Ushirombo anayemtafutia mwanawe nafasi katika shule ya msingi ya Kikatoliki huuliza kwanza mambo mawili: ada ni kiasi gani, na darasa la saba mwaka jana walipata wastani gani. Ni maswali ya haki, maana fedha ni yake na mtoto ni wake. Hata hivyo, majibu yake hayagusi sehemu kubwa ya maisha ya shule yenyewe. Tazama kalenda ya mwaka ya shule ya namna hii: Njia ya Msalaba kila Ijumaa ya Kwaresima, rozari ya Mei na Oktoba, sikukuu ya somo wa shule, mazoezi ya kwaya, zamu za usafi na bustani, vikao vya wazazi, mechi za jioni, mahafali ya darasa la saba, kisha watoto kukutana tena parokiani tarehe 28 Desemba, sikukuu ya Watoto Mashahidi, ambayo hapa nchini ndiyo siku ya Utoto Mtakatifu. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoingia katika karatasi ya Baraza la Mitihani. Hoja ya makala haya ni kwamba katika ukanda wa dhahabu ratiba hiyo isiyotahiniwa ndiyo kazi ya kwanza ya shule ya Kanisa. Shule inayoikata ili kuongeza saa za majaribio, au inayoifungia ndani ya ukuta wake, inabaki kuwa shule binafsi yenye msalaba getini.

Tuanze na mji wenyewe. Ushirombo, makao makuu ya Wilaya ya Bukombe, ulikuwa chini ya Mkoa wa Shinyanga hadi mwaka 2012 ulipoanzishwa Mkoa wa Geita. Upo kwenye barabara kuu itokayo Isaka na Kahama kwenda Lusahunga, njia ya malori ya Rwanda na Burundi. Mashariki kuna Bulyanhulu, mgodi mkubwa ulioanza uzalishaji 2001. Kaskazini kuna mgodi wa Geita, uliotangulia mwaka mmoja. Na katikati, maduara ya wachimbaji wadogo yasiyo na tarehe ya kuanza wala ya kufungwa. Palipopatikana dhahabu leo panaota vibanda, karasha za kusagia mawe, mama ntilie na nyumba za kulala wageni. Rashi ya dhahabu ikihamia pengine, watu nao huhama. Sensa ya 2012 iliukuta Mkoa wa Geita na watu takriban milioni 1.74. Ile ya 2022 ilihesabu karibu milioni 3. Ongezeko la namna hiyo kwa miaka 10 halitokani na uzazi peke yake. Limeletwa na familia zinazokuja, na humo ndani wamo watoto waliokwisha kubadilisha shule mara kadhaa kabla ya kufika darasa la nne, ambao baba anaonekana akipata na kutoweka akikosa, na ambao jirani wa mwaka huu si jirani wa mwaka jana.

Kwa mtoto wa aina hiyo, tatizo kubwa mara nyingi si ugumu wa hesabu. Tatizo ni kwamba hakuna mtu mzima, mbali na mzazi wake mmoja aliyechoka, anayemjua vya kutosha kuona kwamba leo hayupo. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2013 kuhusu watoto katika machimbo madogo, iliyotokana na utafiti uliofanywa katika mikoa ya Geita, Shinyanga na Mbeya, iliwataja watoto, wengine wa miaka minane tu, wakiponda mawe, wakishuka mashimoni na kuchanganya zebaki kwa mikono mitupu. Ilieleza pia jinsi kazi hiyo inavyowatoa darasani. Anayezisoma habari hizo kwa makini ataona kwamba mtoto haachi shule kwa siku moja. Huanza kukosa Ijumaa, kisha Ijumaa na Jumatatu, kisha wiki nzima. Daftari la mahudhurio hurekodi kutokuwepo kwake, ila daftari halimfuati mtu nyumbani. Anayemfuata ni mwenzake wa kwaya aliyebaki na sauti pungufu, kiranja wa bustani ambaye tuta lake halikumwagiliwa, au mama wa jumuiya ndogo ndogo anayekaa nyumba ya tatu. Shule yenye maisha ya pamoja ina macho mengi. Shule ya vipindi na majaribio ina macho ya mwalimu wa darasa, naye ana wanafunzi wengi na marundo ya madaftari.

Historia ya Ushirombo inaunga mkono hoja hii, ingawa kwa namna isiyo safi sana. Wamisionari wa Afrika, tuliozoea kuwaita Mapadre Weupe, walifungua misheni hapo mwaka 1891 katika nchi ya Wasumbwa iliyokuwa imechoshwa na vita vya enzi za Mirambo na biashara ya watumwa. François Gerboin, aliyeongoza Vikarieti ya Unyanyembe tangu 1897 hadi kifo chake mwaka 1912, aliweka makao yake hapo na si Tabora. Kwa hiyo mji huu ambao wasafiri wengi leo huujua kama kituo cha chakula njiani ulikuwa wakati mmoja kitovu cha Kanisa la magharibi ya kati. Masista Weupe wakafuata katikati ya miaka ya 1890. Wanafunzi wa mwanzo wa misheni walikuwa, kwa sehemu kubwa, watoto waliokombolewa utumwani na mayatima. Hawakuwa na ukoo wa kurudia jioni. Ndiyo maana walichojengewa kilikuwa kwanza makazi, shamba, kengele, sala na watu wa kula nao. Kusoma na kuandika kulikuja ndani ya maisha hayo.

Kuna atakayesema kwamba huko ni kuipaka historia rangi, na hatakuwa amekosea. Vijiji vya misheni vya wakati ule vilikuwa na amri nyingi kuliko upendo. Kengele iliwaamsha, kazi za shamba hazikuwa za hiari, vijana waliozwa kwa mpango wa mapadre, na mila za wenyeji zilitazamwa kama magugu. Jumuiya inaweza kumlea mtoto na inaweza pia kumbana, wakati mwingine kwa mkono uleule. Lakini pingamizi hilo linahusu namna ya kuiongoza jumuiya. Halisemi kwamba mtoto asiye na ukoo wa karibu haihitaji. Na mtoto wa rashi, mwenye ukoo uliotawanyika kati ya Maswa, Kibondo na Nzega, anafanana na yule wa 1891 kuliko tunavyopenda kukiri.

Kati ya misheni ile na shule za leo pana ufa, na bila kuutaja hatutaelewa kwa nini shule nyingi za Kanisa zinahangaishwa zaidi na wastani. Sheria ya Elimu ya 1969 ilizichukua shule zilizokuwa zikipata ruzuku ya Serikali, zikiwamo za madhehebu ya dini, zikawa za umma. Uamuzi ule ulikuwa na sababu nzito: nchi isingeweza kujengwa na shule ambazo mtoto wa Kiislamu alizikaribia kwa wasiwasi. Kanisa lilibaki na seminari na shughuli chache za elimu. Kwa zaidi ya miaka 20 shule ya msingi ya Kikatoliki ikawa kitu cha kusimuliwa. Ziliporudi, hasa baada ya Sera ya Elimu na Mafunzo ya 1995 kuipa sekta binafsi nafasi, nchi ilikuwa imebadilika. Hapakuwa na ruzuku, wala wafadhili wa zamani hawakuwa na mfuko uleule. Shule mpya zilizaliwa zikiwa na ada, zikiwa na washindani, na nyingi zikiwa za mchepuo wa Kiingereza, kwa kuwa ndicho mzazi mwenye fedha alichokitaka. Ukoo wao unatoka misheni. Malezi yao ni ya soko. Jimbo la Kahama lenyewe, ambalo Ushirombo umo ndani yake, liliundwa mwaka 1983, katika kipindi kile ambacho kizazi kizima cha Wakatoliki kilikuwa kikisoma shule za Serikali na kufundishwa dini kwa saa chache za wiki.

Ndipo mwaka 2023 yakatokea mambo mawili yaliyozigusa shule za namna hii mahali penyewe. Januari, Baraza la Mitihani lilipotoa matokeo ya kidato cha nne, halikutangaza shule kumi bora wala watahiniwa kumi bora, likisema utaratibu huo hauna tija. Na hadi leo orodha hizo hazijarudi. Machi, Wizara ya Elimu ikasitisha huduma ya bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, kwa maelezo kwamba watoto wa umri huo wananyimwa malezi ya wazazi. Kwa wenye shule ilikuwa hasara juu ya hasara: bango la matangazo limeondolewa, na mapato ya bweni yamepungua. Walilalamika, na malalamiko yao hayakuwa ya uchoyo mtupu, kwa kuwa wapo wazazi wa machimboni ambao kwao bweni la masista lilikuwa salama kuliko kibanda cha turubai kando ya duara. Pamoja na hayo, uamuzi wa Machi ulirudisha swali lililokuwa limefunikwa na magodoro. Mtoto wa darasa la pili akitoka saa tisa, anatoka kwenda kwa nani? Kama shule imekuwa ikifahamiana na wazazi, jumuiya za parokia na shule jirani, swali hilo lina majibu. Kama ilikuwa imejitosheleza ndani ya geti, basi la shule linamshusha mtoto barabarani na kazi yake inaishia hapo.

Sasa tuitazame ratiba yenyewe, maana kusema jumuiya, jumuiya bila kuonyesha inavyofanya kazi ni kuhubiri tu. Darasani, katika shule ya mchepuo wa Kiingereza, anayetangulia ni mtoto aliyekuta vitabu nyumbani. Mtoto anayezungumza Kisukuma na bibi yake na Kiswahili na rafiki zake anaweza kukaa kimya muhula mzima, si kwa ujinga. Saa kumi jioni mambo hugeuka. Kwenye ngoma, kwenye bustani ya mchicha, kwenye mpira, kwenye igizo la Njia ya Msalaba, yule aliyenyamaza asubuhi ndiye anayejua jembe linashikwaje na nani hapaswi kupewa nafasi ya Pilato kwa sababu anacheka ovyo. Wenzake wanamwona upya, na mwalimu naye pia. Utoto Mtakatifu, shirika lililoanzishwa Ufaransa mwaka 1843 na Askofu Charles de Forbin-Janson, limejengwa juu ya wazo kwamba watoto wanaweza kuwasaidia watoto wenzao kwa sala na kwa sadaka ndogo. Wazo hilo ni la maana hasa kwa mtoto wa mwenye karasha. Kwa siku zote ameona fedha zikitumika kununua heshima. Hapa anafundishwa kuzitoa bila kutajwa jina.

Lakini si kila shughuli ina thamani hiyo. Mahafali ya darasa la saba, kwa mfano, yameharibika katika shule nyingi nchini, za Kanisa na zisizo za Kanisa. Keki ya ghorofa, joho la kukodi, mgeni rasmi anayesubiriwa saa tatu juani, na ile desturi ya kumtuza mtoto noti mbele ya wenzake: katika mji wenye fedha za dhahabu hayo yanageuka kuwa mnada wa wazazi. Oktoba 2025 bei ya wakia moja ya dhahabu ilipita dola 4,000 katika soko la dunia, na bei ikipanda namna hiyo si vigumu kukisia nani watazungumziwa kwenye mahafali. Mtoto ambaye mama yake anauza dagaa hukaa siku nzima akijifunza, kwa vitendo, kinyume cha kila alichofundishwa katika kipindi cha dini. Shule yenye msimamo ingepiga marufuku kutuza fedha hadharani na kuifanya siku hiyo ianze kwa Misa au ibada, iendelee kwa kazi za wanafunzi wenyewe, iishe kwa chakula kimoja kwa wote. Wazazi wachache watanuna. Wanune.

Pingamizi la kwanza la mzazi linajulikana: nimelipia ufaulu. Si neno la kudharau. Katika familia ambayo babu hakusoma na baba aliishia darasa la saba, cheti ndicho urithi pekee usioweza kufukiwa na duara. Ila tuulize ufaulu wa darasa la saba unanunua nini siku hizi. Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015 uliondoa ada katika shule za umma hadi kidato cha nne, na Serikali imekuwa ikiwapangia nafasi za sekondari wanafunzi waliofaulu. Kufaulu mtihani huo hakumtofautishi tena mtoto kama zamani. Kinachomtofautisha miaka minne baadaye ni kama anaweza kukaa na kazi ngumu bila kusukumwa, kuomba msaada bila aibu na kukataa anaporubuniwa. Mambo hayo hayatokani na jaribio la kila Jumamosi. Yanatokana na mazoea ya kubeba wajibu mbele ya watu wanaokutegemea. Mtaala ulioanza Januari 2024 nao umeelekea huko, kwa kuyapa maadili, sanaa na michezo uzito zaidi. Sisemi majaribio yafutwe. Nasema shule inayofuta kwaya kuanzia Juni kwa sababu darasa la saba wana mtihani Septemba imefanya hesabu mbaya.

Pingamizi la pili ni zito kuliko hilo, na sidhani lina jibu la kuridhisha. Jumuiya gani, ikiwa kiingilio ni ada? Watoto wengi wa Bukombe wako Kayumba, yaani shule za umma, ambako madarasa yamejaa, na hawatavuka geti la shule ya masista isipokuwa kwa kuchungulia. Kanisa lenyewe limekwisha kujionya. Hati ya Vatikani ya mwaka 1977 kuhusu shule ya Kikatoliki ilieleza wazi kwamba shule ikielekeza huduma yake kwa matabaka yenye uwezo peke yake, au kwa sehemu kubwa, inaweza kuchangia kuyadumisha katika upendeleo yalio nao. Hapo kabla, mwezi Oktoba 1970, Mwalimu Nyerere alikuwa amewaambia masista wa Maryknoll huko New York kwamba Kanisa lisiposhiriki katika kupambana na miundo inayowaweka watu katika umaskini, litakosa maana kwa maskini. Mwalimu alikuwa Mkatoliki aliyewahi kufundisha St. Mary's, Tabora. Hakuwa akirusha mawe kutoka nje.

Utetezi wa kawaida ni kwamba bila ada walimu hawalipwi, na huo ni ukweli. Kila TAMISEMI inapotangaza ajira, shule binafsi hupoteza walimu katikati ya muhula, wanaokwenda kutafuta uhakika wa pensheni. Na mwalimu anayeondoka huondoka na kumbukumbu ya watoto wote aliowajua. Kushusha ada hadi shule ishindwe kuwabakiza walimu ni kuibomoa jumuiya hiyohiyo tunayoitetea. Lakini kati ya kufuta ada na kukaa kimya pana nafasi pana. Tarehe za kulipa zinaweza kufuata mavuno ya mpunga na mahindi badala ya kufuata mihula peke yake. Jumuiya ndogo ndogo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizifanya kuwa kipaumbele tangu miaka ya 1970, zinajua nani ni yatima wa kweli na nani ametengeneza barua ya uyatima. Ziwe na sauti katika kugawa nafasi za ufadhili. Na zaidi ya yote, ratiba isiyotahiniwa ina faida ambayo darasa halina: kumwongeza mtu ndani yake ni rahisi. Mwalimu wa hisabati akipokea watoto 20 wa ziada, kipindi kinaharibika. Kwaya, mechi, bustani, siku ya usafi wa soko na kikundi cha Utoto Mtakatifu hupata uhai watu wanapoongezeka. Mtoto wa Kayumba hawezi kulipa ada, lakini anaweza kuwa mlinda mlango.

Linabaki suala la dini, nalo nitalipitia kwa kifupi. Shule za Kikatoliki hupokea watoto wa AIC, Wasabato, Wapentekoste na Waislamu, na wazazi wao huwapeleka wakijua. Mtoto asilazimishwe kushiriki ibada ambayo si yake. Hilo si la mjadala, na Katiba imeshalisema. Linalowezekana kwa wote ni tendo la pamoja: kumchotea maji mzee asiye na mtu, kupanda miti kando ya barabara, kumtembelea mwenzao aliyelazwa. Shule inayodhani utambulisho wake utapotea kwa sababu mtoto wa Kiislamu yuko kwenye timu ya bustani haijiamini.

Kipimo cha yote haya kinakaribia, nacho ni cha kawaida kabisa: chumba. Kwa sera ya elimu toleo la 2023, elimu ya msingi itakuwa ya miaka sita, na mwaka 2027 darasa la sita na la saba watafanya mtihani wa kumaliza pamoja. Mahafali ya mwaka huo yatakuwa ya madarasa mawili. Januari 2028 kila shule ya msingi itafunguliwa ikiwa na ngazi moja pungufu na vyumba vilivyobaki wazi, vyenye madawati, umeme na mlango unaofungwa. Mhasibu atapendekeza mkondo mwingine wa darasa la kwanza, na hesabu zake zitakuwa sahihi. Mwingine katika bodi anaweza kupendekeza mlango wa pili utobolewe upande wa barabara, chumba kiwe cha vitabu, taa iwake hadi saa mbili usiku, na watoto wa Kayumba waruhusiwe kuingia na sare zao. Bodi za shule hizi zina muda mfupi wa kuamua, na wazazi wanaohudhuria vikao wana haki ya kuanza kuuliza sasa.